Masomo Matatu ya Nemayian

Siamanta alinusa kabla hajaona. Alikuwa ameinama mlangoni pa zizi kumpokea mumewe kibuyu cha maziwa, akabaki vilevile ameinama, kama mtu aliyesikia nyoka kwenye majani.

"Baba Taiyo, umekunywa nini?"

"Maziwa."

"Maziwa ya ng'ombe gani anayelishwa na nyuki?"

Salaash akajifuta mdomo kwa ncha ya lubega. "Nimeonja asali. Siku hizi mtu akionja asali ni kesi?"

"Asali ya nani?"

"Ya msituni."

"Mwezi wa sita ulisema ya msituni. Leo tena ya msituni. Msitu huo una jina, au niulize kwa mke wa Nkoitiko?"

Salaash akamwachia kibuyu. Akapita, akaanza kuhesabu ndama kwa macho, ingawa alikuwa ameshawahesabu. Kwenye uwanda ule wa Handeni, wafugaji wote walijua maana ya asali. Mwenye kijana humpelekea mwenye binti, na mwenye binti akiinywa, amekwisha kusema ndiyo hata kama hajatamka neno. Salaash alikuwa ameinywa nyuma ya boma la Nkoitiko, wawili tu, bila kuita ndugu wala jirani. Walikuwa wameelewana hivi: Nemayian amalize kidato cha nne huko Korogwe. Jina lake likitoka kwenda kidato cha tano, Nkoitiko atavumilia. Lisipotoka, mvua za masika zitamkuta binti kwa Nkoitiko, kwenye nyumba ya mwanawe.

Yeye hakuona ubaya wowote. Alijiona mtu mwenye akili aliyeacha milango miwili wazi. Ila mkewe hakumwambia, na binti ndiyo kabisa.

Kusema kweli Salaash hakuwa na tabia ya kumwambia mtu jambo. Tangu serikali ilipoacha kuleta dawa ya josho, na ikawa ruksa kila mtu kuuza kila kitu, alikuwa hamwamini hata anayemsalimu. Pale Mkata alinunua chupa yenye picha ya ng'ombe mnene, akachanganya kama alivyoelekezwa, akawaogesha ndama wake wote. Dawa ilinuka kama dawa. Ndama wakafa kwa ndigana ya kupe vilevile. Aliporudi na chupa tupu, mwenye duka alimwambia, "Mzee, wewe ulizidisha maji." Salaash akauliza, "Nilizidisha mimi, au yalizidi tangu dukani?" Watu waliokuwa barazani walicheka, na hakujua wanamcheka nani. Toka hapo chumvi alikuwa akiionja kabla ya kulipa. Sukari alikuwa akifungua pakiti palepale, akamwaga kidogo kiganjani, akaipuliza.

Ndiyo maana Nemayian alikuwa shule. Taiyo, kaka yake, alikuwa ameikimbia darasa la tatu. Nemayian akafaulu, akafaulu tena, na baba akaona njia: nyumba yake ipate mtu wake mwenyewe wa kujua dawa na maji, mtu ambaye hatamwongopea kwa sababu ni damu yake. Akauza madume, akamlipia ada sekondari ya Mwangaza, shule ya watu binafsi iliyokuwa imefunguliwa majuzi tu. Wenzake walisema anamwaga mali kwenye shimo. Hakuwasikiliza. Nao aliwashuku.

Sasa utingo wa basi la Korogwe alikuwa ameshusha ujumbe pale Mkata: mwalimu anamtaka mzazi wa Nemayian, Alhamisi. Watoto wanajaza fomu za kuchagua masomo ya kidato cha tano.

"Masomo si wanajaza wao?" Salaash akasema. "Mimi wananiitia nini? Ada nimemaliza."

"Uende," Siamanta akamwambia. "Na ukifika, mtoto akizungumza umsikilize."

"Nitawasikiliza wote. Kuamini ndiyo kazi nyingine."

"Hilo," alisema Siamanta, akichukua kibuyu chake, "linajulikana mpaka kwa nyuki."

*

Getini palikuwa na mlinzi aliyevaa koti la jeshi lisilo na vifungo.

"Simama hapohapo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba."

"Hiyo sime unakwenda kumchinja nani?"

"Natembea nayo."

"Humu hatutembei nazo. Sime, rungu, na fimbo hiyo, vyote hapa."

"Hata fimbo? Na nikianguka?"

"Ukianguka kuna wanafunzi tele wa kukuokota. Weka."

Salaash akaitazama ile fimbo, akamtazama mlinzi. "Wewe unaitwa nani?"

"Hiza."

"Wa nani? Wa wapi?"

"Ala! Mzee unataka kunioa?" Wazazi waliokuwa wakingoja kuingia wakacheka. "Mimi Mzigua wa Kwamatuku. Fimbo yako niipeleke wapi, nikamchunge mama watoto?"

Salaash akaziweka chini, moja moja, akaingia mikono mitupu. Ilikuwa miaka mingi hajatembea mbele ya watu bila fimbo. Mikono ilimwelemea. Hakujua aining'inize au aikunje, mwishowe akaishika moja kwa nyingine nyuma ya mgongo, kama mtu aliyekamatwa.

Aliambiwa angoje kwanza. Mwalimu alikuwa na mzazi mwingine. Pembeni ya ukuta, kwa ndani, mama mmoja Msambaa aliruhusiwa kuuza chai na maandazi. Aliitwa Rosa, kwao Vugiri, na mtoto wake alikuwa kidato cha nne hapohapo. Salaash akakaa kwenye benchi lake. Chai akainusa kwanza.

"Haina sumu, mzee," Rosa akasema. "Sumu iko ofisini."

"Iko ofisini?"

"Si unakwenda kwa mwalimu Bonaventura? Mwalimu wa taaluma?" Akainama kupuliza moto, akiendelea kusema hukohuko chini. "Huyo anawapanga watoto wetu kama mkaa kwenye gunia. Mabonge mazuri anaweka juu yaonekane, vumbi linakaa chini. Mwanangu kaambiwa aandike historia. Nani sijui kaambiwa historia. Binti wa mtu wa Dindira, historia. Lakini kuna msichana mmoja humu anaitwa Grasiana, huyo anaandika sayansi. Mzee, unajua Grasiana ni nani?"

"Nani?"

"Mpwa wake. Mtoto wa dada yake kabisa, analala kwake." Akanyanyuka, macho yakimtoka machozi ya moshi. "Mimi sisemi kitu. Nauza chai."

Salaash akaiweka chai chini bila kuimaliza.

*

Mwalimu Bonaventura alikuwa mwembamba, shati lake la mtumba lina kola pana kuliko shingo yake. Alimpa Salaash kiti, naye mwenyewe akakalia kona ya meza.

"Karibu sana, mzee. Kwanza nikuambie, Nemayian ni mtoto mzuri mno. Mtoto mwenye bidii."

"Nimeuliza?"

"Nini, mzee?"

"Sijauliza kama ni mzuri."

Mnadani, Salaash alikuwa na njia yake. Ng'ombe aliyesifiwa kabla hajaulizwa, alimpita bila hata kumshika pembe. Basi akamtazama mwalimu kama alivyozoea kuwatazama madalali, si usoni, ila mikononi. Mikono ya mwalimu ilikuwa ikikunja na kukunjua kipande cha karatasi.

"Sawa," mwalimu akasema. "Nikueleze. Kidato cha tano mtu hasomi kila kitu. Anachukua masomo matatu tu, tunayaita kombi. Na hayo matatu ndiyo yanayompeleka chuo. Kuna kombi ya fizikia, kemia na biolojia. Kuna ya historia, jiografia na Kiingereza. Ziko nyingine pia, lakini hizi mbili ndizo za kuzungumza leo."

"Ya ng'ombe ni ipi?"

"Ya udaktari wa mifugo? Ni hiyo ya kwanza, ya sayansi. Akitoka hapo ndiyo anaomba chuo kikuu cha kilimo, Morogoro."

"Basi hiyo."

"Ndicho nilichokuitia, mzee. Asijaze hiyo."

Nje kengele ikagongwa, miguu ya wanafunzi ikapita mbio.

"Nafasi za serikali ni chache," mwalimu akaendelea. "Wanaochagua wako Dar, hawamjui mtoto. Wanaangalia alama za masomo matatu aliyoomba. Akiomba sayansi, na fizikia ikamwangusha, wanamwacha wanachukua anayefuata. Kwenye fomu kuna chaguo la pili, ndiyo, lakini nafasi zile zinajaa kwanza na walioziomba mwanzo. Kwenye historia na Kiingereza Nemayian ndiye wa kwanza darasani. Huko anapita. Huku anaweza akakosa kote."

"Na fizikia kwa nini imwangushe? Ana akili au hana?"

"Anazo. Hana mwalimu."

"Hana mwalimu? Yuko wapi?"

"Aliacha mwaka jana. Anauza vipuri vya magari Arusha."

"Mimi nimelipa ada. Fizikia imo humo?"

Mwalimu akatazama karatasi yake. "Kwenye ratiba imo, mzee. Darasani haimo."

Hapo mtu mwingine angeshukuru kwa kuambiwa ukweli. Lakini Salaash alikuwa na lambo kichwani. Kila kiangazi, kwenye lambo la pale kwao, hatokosekana mtu wa kukufuata njiani akakwambia: usishushe ng'ombe leo, maji yameharibika, yana ruba. Ukimsikiliza unageuza kundi. Ukijifanya umegeuza, ukazunguka kwa nyuma ya vichaka, unakuta ng'ombe wake yeye wamezama mpaka matumboni wanakunywa. Salaash alikuwa ameponea hivyo si mara moja. Alijua kwamba anayekukataza maji, cha kumuuliza si habari za maji. Unamuuliza ng'ombe wake wako wapi.

"Na Grasiana?" akasema.

Karatasi ikaacha kukunjwa.

"Grasiana amefanyaje?"

"Amejaza nini?"

"Sayansi," mwalimu akasema. "Lakini Grasiana alihamia hapa mwaka jana, mzee. Alikotoka kulikuwa na mwalimu wa fizikia. Alishaanza."

"Ni mtoto wa dada yako."

"Ndiyo. Kweli ni wa dada yangu."

"Wa kwako anakunywa, wangu maji yana ruba."

"Sijakuelewa, mzee."

"Umenielewa. Andika sayansi. Fizikia, na zile mbili."

Mwalimu akashuka mezani. "Zungumza kwanza na mtoto. Mwite, mzungumze, wewe na yeye. Nakuomba."

Lile "nakuomba" lilimkaa Salaash vibaya kuliko yote. Akatoka nalo nje. Mwalimu, mtu wa kalamu, amwombe mfugaji kwa ajili ya mtoto ambaye si wake? Amwombe kwa nini? Ana nini naye?

*

Nemayian alikuja kutoka darasani na daftari kifuani. Alipofika mbele ya baba yake akainamisha kichwa, naye akamgusa utosini kama desturi. Wasichana waliokuwa dirishani wakaguna na kucheka, mmoja akasema kwa sauti, "Anabatizwa!" Nemayian hakugeuka. Lakini Salaash aliona shingo ya mtoto imekakamaa.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Mwalimu anasema usijaze ya ng'ombe. Wewe unasemaje?"

"Mwalimu anajua, papa."

"Nimekuuliza wewe."

"Mwalimu ndiye anayejua."

Alisema akitazama chini, na baba naye akatazama chini alikotazama. Hapo akaona viatu. Vyeusi, vya ngozi, vya kufunga kamba. Yeye Salaash hakuwahi kununua viatu vile.

"Hivi nani kakupa?"

"Vya Grasiana. Vyangu vimetoboka, kaniazima."

"Grasiana analala wapi?"

"Kwa mwalimu."

"Na wewe unafika huko? Nyumbani kwa mwalimu?"

"Tunakwenda kusoma. Jioni, mimi na Grasiana. Papa, ni kusoma tu..."

Hakungoja zaidi. Kwa mtu aliyekwisha shuku, mambo hujipanga yenyewe: mwalimu anamsifu kabla hajaulizwa, mwalimu anaomba, binti hataki kusema lolote ila mwalimu anajua, binti ana viatu kutoka nyumba ya mwalimu. Akarudi ofisini kwa hatua za mtu anayekwenda kumtoa fisi zizini. Bahati nzuri sime ilikuwa kwa Hiza.

Barazani palikuwa na wazazi wamejipanga kwenye mabenchi wakingoja zamu, wenye kofia na wenye mitandio, na Rosa na birika lake akiwapitishia vikombe. Mwalimu alikuwa mlangoni akiagana na mmoja wao.

"Wewe," Salaash akasema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila akikasirika kilikuwa kinapungua. "Wewe unamtaka mtoto wangu."

Vikombe vikatulia.

"Unasema nini, mzee?"

"Unamvisha viatu. Unamwita kwako jioni. Halafu unataka asome hizo historia abaki karibu na wewe. Mimi si mjinga. Unamtaka."

"Si kweli," mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kola yake. "Wallahi si kweli, mzee, tafadhali..."

"Mkristo anaapa wallahi!" mama mmoja akadakia.

"Sema, mzee, usiogope," akasema mzee mmoja wa Korogwe aliyeitwa Ukasha, akasimama na bakora yake, ambayo Hiza alimwachia. "Wapo hao. Tunawajua. Tunaleta watoto wasome, wanarudi na mimba."

"Si ndiyo maana ana mpwa ndani?" Rosa akasema. "Mpwa ni chambo!"

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mwalimu alikuwa ameegemea mlango, uso umekuwa rangi ya majivu. Alikuwa na mke, na watoto watatu wadogo, na kazi ya shule ya mtu binafsi ambayo mwenyewe anaweza kukufukuza asubuhi na kuajiri mwingine mchana.

"Papa, ni mimi."

Nemayian alikuwa amesimama chini ya ngazi za baraza.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimwambia mwalimu akwambie nisijaze sayansi. Yeye alitaka nikwambie mwenyewe. Nimemsumbua wiki nzima mpaka akakubali."

Kelele zikapungua, kila mtu anataka kusikia.

"Kwa nini umtume mtu baki kwa baba yako?"

"Kwa sababu wa nyumbani humwamini hata mmoja. Nikafikiri mtu mwenye kola, labda."

Mtu akacheka, akajizuia.

"Ungeniambia wewe, ningesikia," Salaash akasema.

"Ningekwambia fizikia siijui, ungesema shule imenishinda." Sasa alikuwa akimtazama machoni, jambo ambalo binti wa kwao hamfanyii baba yake. "Na mimi ikinishinda, asali imeshanywewa."

Pale barazani hakuna aliyejua asali gani. Wazigua walitazamana, Wasambaa wakatazamana. Mzee Ukasha akakaa. Salaash peke yake ndiye aliyeelewa, na jambo la kwanza lililomtoka, kabla hajalifikiri, lilikuwa hili:

"Nani kakwambia?"

"Unaona?" Nemayian akasema. "Hilo ndilo unaloniuliza."

"Hakuniambia mtu," binti akaendelea, sasa kwa Kimaasai, polepole, maneno ya wawili tu. "Mwezi wa sita nilikuwa likizo. Kibuyu chako nilikiosha mimi, kikanuka asali. Papa, mimi nataka kusoma hata kama si ng'ombe. Nikijaza ninayoyaweza nitapita. Nikijaza unayoyataka wewe, nitaanguka, na wewe utasema nimeanguka mwenyewe."

Kuku wa Rosa, sijui alitoka wapi, alipita katikati ya mabenchi akidonoa makombo ya maandazi. Salaash akatazama viatu vile vya kuazima, akatazama mikono yake mitupu, kisha akamgeukia mwalimu.

"Andika anayoyaweza."

"Mzee..."

"Andika. Historia na hizo nyingine. Nitaweka dole wapi?"

Wakaingia ndani, watatu. Nemayian akajaza mwenyewe kwa mwandiko wa kulala, bila kufuta mahali. Salaash akaweka dole gumba. Alipokuwa akijifuta wino kwenye lubega, mwalimu akamwambia taratibu, "Mzee, yale uliyosema nje. Watu wameyasikia."

"Nimeyaondoa."

"Hukuyaondoa. Umenyamaza tu."

Salaash akajua ni kweli, akatamani kurudi barazani. Lakini mlango ulipofunguliwa akakuta wazazi wamejaa pale, macho yote kwake, na miguu ikamchukua moja kwa moja mpaka getini. Hiza akampa fimbo, rungu na sime bila utani wowote. Hata kwaheri hakumpa.

*

Siamanta alisikiliza yote, akakamua ng'ombe wake mpaka mwisho, ndipo akasema, "Sasa uende kwa Nkoitiko."

"Nitakwenda."

"Na usiende na maneno matupu. Mtu hurudisha alichokula."

Jumamosi asubuhi Salaash akamtoa zizini mtamba mwekundu, ndiye aliyekuwa akimtegemea azae mwakani, akamswaga mwenyewe mpaka kwa Nkoitiko. Wale walikuwa marafiki wa zamani sana. Ujanani mmoja alimpa mwenzake dume, na toka hapo hawakuitana kwa majina. Kila mmoja alimwita mwenzake pakiteng, yaani aliyenipa dume.

Alimkuta Nkoitiko nje ya boma na wazee wengine wawili, na wake zao kando wakikung'uta ngozi. Alikuwapo pia mfanyabiashara mmoja Mzigua wa Mkata, Abdi, aliyekuja kutazama mbuzi. Salaash akasalimia. Wakaitikia, lakini hakuna aliyemsogezea kigoda.

"Nimekuja kwa sababu ya ile tuliyokunywa," akasema. "Binti atasoma. Amejaza masomo anayoyaweza, na mimi sitamrudisha. Hata jina lisipotoka sitamrudisha, atarudia mtihani. Huyu mtamba ni wako."

Nkoitiko akamtazama mtamba kwato mpaka pembe. Kisha akamtazama mwenye mtamba.

"Mtamba mzuri," akasema. "Mzuri mno kwa vibuyu viwili vya asali. Unaficha nini, Salaash?"

Alimwita kwa jina. Salaash akalisikia jina lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Sifichi kitu."

"Nani amekupa zaidi?"

"Hakuna aliyenipa."

Mke wa Nkoitiko akaacha kukung'uta. "Muulize vizuri. Muulize tumbo lina miezi mingapi."

"Tumbo la nani?" Salaash akauliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Mzee, usitufanye watoto," Abdi akasema, kwa sauti ya kumhurumia. "Basi la Korogwe limeleta habari tangu juzi. Mkata nzima inajua. Ulisimama mbele ya watu, wewe mwenyewe, ukasema mwalimu anatembea na binti yako. Anamvisha viatu. Baba mzazi akisema, sisi tuseme nini?"

"Na sasa unaniletea mtamba," Nkoitiko akasema. "Ungeniambia tu kwamba ameharibika. Sisi ni watu. Ningekuelewa."

Salaash alisimama pale jua likimpiga utosini. Katika nchi ile mzee aweza kusema amekosea njia, aweza kusema amesahau, aweza kusema hasira ilimzidi. Lakini hakuwahi kusikia mzee mwenye ng'ombe akisimama mbele ya wenzake na wake zao akasema lile ambalo sasa ilimpasa kusema. Akalisema kwa Kimaasai kwanza. Kisha akalirudia kwa Kiswahili, kwa ajili ya Abdi, ili lipande basi nalo.

"Nilisema uongo."

Mke wa Nkoitiko akaweka ngozi chini.

"Mwalimu hakufanya kitu. Binti hakufanya kitu. Mimi nilishuku tu, nikasema. Ni uongo wangu."

Wazee wale wawili wakatazama chini kwa aibu, kama watu waliomkuta mwenzao uchi mtoni. Abdi akakohoa. Nkoitiko peke yake aliendelea kumtazama, mikononi, si usoni.

"Mtu akisema jana alidanganya," Nkoitiko akasema taratibu, "leo nitajuaje?"

Salaash alikuwa ameishi miaka yote na swali hilohilo mdomoni mwake, akiwauliza wauza chumvi na wauza dawa, na hakuwahi hata siku moja kukumbuka mtu aliyeweza kulijibu.

"Hutajua," akasema. "Wala mimi sina cha kukuonyesha. Kaeni mngoje hilo tumbo. Ngojeni mpaka mchoke."

Akamwachia mtamba kamba pale alipokuwa, akageuka kurudi nyumbani kumwambia Siamanta.